Kifuniko Chekundu

Usiniulize bahari hiyo inaitwaje. Ilikuwa na jina, likafutwa, na aliyelifuta akapewa kiti. Ukitaka kuijua usiende pwani, maana pwani utakuta ukuta, na kwenye ukuta maandishi meupe makubwa: BAHARI HII ILIKUWA MFU TANGU AWALI, SISI NDIO TULIOIHUISHA. Nyuma ya ukuta maji meusi yananuka mayai viza. Watu wanapita wameziba pua, wanayasoma maandishi, wanatikisa kichwa kukubali, wanaendelea na safari. Yaani pua inasema hivi, ukuta unasema vile, na mtu mzima mwenye akili zake anaufuata ukuta! Mimi hapo ndipo ninaposhikwa na hasira, na nisipoghadhibika hapo sijui nitaghadhibika wapi.

Mwanamize, ambaye wote walimwita Mize, hakuhitaji kwenda pwani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliimaliza kwenye Jumba la Matope, kainamia hadubini, akiokota visukuku kwenye tope lililochotwa chini ya bahari. Visukuku vyenyewe ni magamba ya vijidudu vilivyoishi majini, vikafa, vikazama, vikalaliana huko chini, vya leo juu ya vya jana, vya jana juu ya vya juzi, hata tope la unene wa kucha likabeba miaka kumi. Gamba moja halifikii chembe ya chumvi. Unaliokota kwa brashi ya unywele mmoja, na unywele sharti uwe na unyevu kidogo, na kawaida ya jumba lile ni kuulamba. Si maji ya kibakuli, si kitambaa, ni ulimi. Ndiyo desturi waliyoikuta na ndiyo waliyoiacha. Kwa hiyo Mize alikuwa ameila bahari hiyo chembe kwa chembe, na mate yake yalikuwa yameingia katika kila karne.

Aliyajua magamba yale kama mtu anavyowajua majirani. Kulikuwa na wale waliojikunja kushoto bahari ilipokuwa baridi, wakajikunja kulia ilipopata joto. Kulikuwa na wembamba, wenye vyumba vyumba, waliopenda maji yanayopumua, na maji yalipokuwa mazima walijaa kila aina, mamia kwa mamia. Halafu kulikuwa na mmoja mnene, kichwa kigumu, asiye na umbo la maana, ambaye huishi peke yake pale maji yanapokabwa na uchafu. Wengine wote wakifa yeye hunawiri. Huyo Mize alimchukia kabisa, akampa jina: Mwanakamati. Alipomwona kwenye kioo cha hadubini alikuwa akisonya kwa sauti, mpaka wenziwe wa meza ya pili wakageuka.

Na swali lake lilikuwa moja, alilolala nalo na kuamka nalo. Kama kijidudu kisicho na mdomo kimeacha ushahidi wa miaka elfu kumi, na ushahidi wake unakubaliwa, itakuwaje mama yangu, mwenye mdomo ule mnaoujua, aambiwe hakuwahi kuwepo?

Maana ndivyo walivyoambiwa watu wa Ufuoni. Miaka thelathini nyuma meli iliteremsha bomba refu kwenye sakafu ya bahari, ikapandisha nguzo ya tope, wakaipa namba tisa. Nguzo kama hiyo hufunikwa ncha mbili: kifuniko chekundu juu, kulikokuwa karibu na maji, kifuniko cheusi chini, kwenye tope la kale. Inasomwa kutoka nyeusi kwenda nyekundu, yaani kutoka zamani kuja sasa. Baraza likaisoma. Kwenye nyeusi, Mwanakamati peke yake, bahari mfu. Kwenye nyekundu, mamia ya aina, bahari hai. Wakapiga makofi, wakaandika Tamko, wakajenga ukuta wa kuliandika. Na Tamko likazaa. Ikiwa zamani bahari ilikuwa mfu, basi hakuna aliyekula kutoka humo. Ikiwa hakuna aliyekula, watu wa Ufuoni wanaosema babu zao walivua na kuvuna chumvi pale ni waongo. Na mtu ambaye babu yake ni uongo, yeye mwenyewe ni nini? Wakawafuta kwenye Daftari la Walioko, mtaa mzima, waliolala makaburini na waliosimama, akaachwa Mize peke yake, aliyeandikwa chini ya Jumba la Matope. Unaona uongo ukipangwa vizuri unavyofanana na hesabu? Hata mwenye kufutwa anaanza kujikagua vidole.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, mama yake Mize aliingia Jumba la Matope bila kubisha hodi. Bi Mwanatumu alikuwa na miaka themanini na minne, mfupi, mkavu, kanga imemkaa vizuri, mkononi mfuko wa nailoni. Bawabu hakumzuia. Bawabu huzuia watu kwa kuandika majina yao, na huyu hakuwa na mstari wa kuandikwa.

"Shikamoo, mama," Mize alisema, akainuka.

"Usiniamkie. Mtu ambaye hayupo haamkiwi."

"Kulikoni tena, mama?"

"Natoka makaburini." Bi Mwanatumu aliuweka mfuko juu ya meza, juu ya vioo vyenye magamba ya karne mbili, wala hakuangalia. "Nimekwenda kumwonyesha mchimba kaburi pahala pangu, pale ubavuni pa baba yako, siku ikifika asinitupe kwingine. Kafungua daftari. Kanitazama mimi, kalitazama daftari. Kaniambia, bibi, watu wa Ufuoni hatuwaziki hapa, hawakuwepo. Nikamwambia, na huyu mume wangu aliyelala hapa ni nani? Kanijibu, hapo pana mchanga tu. Mize! Mchanga tu! Mtu niliyemkosha mimi mwenyewe!"

Alifungua mfuko. "Sanda ninayo, nimeifukiza udi kwa mkono wangu. Pamba ninayo. Karafuu maiti ninayo. Nilichonyimwa ni shimo. Sasa wewe unayesoma matope, nambie: nipo au sipo?"

"Upo, mama."

"Basi kawaambie."

"Nitawaambia leo. Leo ndiyo Siku ya Kusahihisha, adhuhuri, mbele ya Msajili Mkuu. Inakuja mara moja kila miaka thelathini."

"Na hiyo miaka thelathini ulikuwa wapi?" Bi Mwanatumu aliuliza. "Ulikuwa hapa hapa na hicho kidude chako jichoni. Ulikuwa huyaoni?"

Jibu Mize alikuwa nalo tangu siku zile. Alichukua taa, akaenda kwenye ngazi za ghala kulifuata bomba namba tisa.

Ngazi za jumba lile huwezi kuzihesabu mara mbili ukapata jibu moja. Zinashuka kama tope lenyewe, kila hatua miaka kumi. Hatua ya kwanza, magoti ya Mize yakaacha kuuma. Hatua ya pili, mvi zikamtoka, na meno mawili aliyong'oa yakarudi mahali pake. Hatua ya tatu akasikia harufu ya meli, dizeli na matapishi, akamkuta mwanamke amechutama kando ya bomba namba tisa, mikono tope tupu, kilemba kimemlegea. Mkononi ameshika kalamu ya wino mzito, anaandika jina kwenye kifuniko chekundu. Kwao ndiyo kawaida: anayefunika huandika jina lake, ndiye shahidi wa tope hilo. Jina alilokuwa akiliandika lilikuwa Mwanamize.

"Umekosea," Mize wa sitini na miwili alimwambia. "Hicho chekundu umekitia chini."

"Najua," alisema Mize wa thelathini na miwili bila kuinua uso. "Nimegundua leo asubuhi. Jana meli iliyumba, nimetapika mara tatu, mikono ikachanganya ncha. Nimemwambia mkuu wetu, Bwana Khatoro."

"Akasemaje?"

"Unaniuliza mimi? Ulikuwepo."

Alikuwepo. Bwana Khatoro aliligeuza bomba mikononi, akaliinamisha huku, akaliinamisha kule, akacheka kwa puani. Akasema, acha hivyo hivyo, imekaa vizuri. Wiki ile ile Mize akapewa hadubini yake mwenyewe, meza ya dirishani, na kiti cha mto.

"Kwa nini hukupiga kelele?"

"Kwa nini wewe hujapiga?"

Wakatazamana, na wote wawili walikuwa na hasira moja, hawajui wamgawie nani.

Ni tope tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Tope halina mama. Nitasema kesho. Kesho nikapata homa. Mwezi ujao. Mwezi ujao Tamko likatoka, na watu wakipiga makofi huwezi kuwaambia wameshika karatasi kichwa chini. Nitasema Khatoro akistaafu. Khatoro akapandishwa cheo. Nitasema. Nikaanza kuwasikia watu wa Ufuoni wakinyimwa maji ya bomba la mtaa, wakinyimwa shule, nikainamisha kichwa, nikalamba brashi. Nimelamba. Miaka thelathini nimelamba. Kosa lilikuwa la meli, la bahari chafu, la tumbo langu. Kimya je? Kimya hakikuyumbishwa na meli yoyote. Kimya nilikifunika mimi mwenyewe, nikakiandika jina.

Hayo aliyasema nani, wa juu au wa chini, Mize hakujua, kwa kuwa sauti ilikuwa moja. Alijua tu kwamba alipolibeba bomba na kupanda, mikono iliyolibeba ilikuwa miwili na sio minne. Hatua ya pili meno yakamtoka. Hatua ya kwanza magoti yakamkamata kwa nguvu zote, na akayashukuru.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umejaa. Walioko walikaa kwenye viti, watu wa Ufuoni walikaa sakafuni, maana kiti ni cha mwenye jina. Bi Mwanatumu alikuwa mbele kabisa, mfuko wake mapajani. Juu ya jukwaa alikaa Msajili Mkuu, ambaye ndiye yule yule Bwana Khatoro, sasa mweupe kichwa, sauti laini, na pembeni yake karani mwenye kalamu, wembe, na Daftari la Walioko pana kama mlango.

"Karibu, dada Mize," Khatoro alisema. "Nimeambiwa una jambo la kusahihisha. Sema, hapa ni kwenu."

"Kwetu ni Ufuoni," Mize alisema. "Na nina jambo."

Alililaza bomba mezani, akalipasua kwa urefu kwa msumeno mdogo, tope likafunguka nusu mbili. Wote waliliona, limepangika rangi baada ya rangi. Katikati palikuwa na tabaka nene la siku ya dhoruba kubwa, siku ambayo mawimbi yalikoroga sakafu nzima ya bahari kisha yakaiacha itulie. Kisha Mize alichukua chupa yenye mdomo mpana, akatia humo kokoto, mchanga, na tope laini, akajaza maji, akafunga, akaitikisa kwa hasira. Akaitua.

"Tazameni. Msinisikilize mimi, tazameni chupa."

Wakatazama. Kokoto zikatua kwanza. Mchanga ukafuata. Tope laini lilichelewa, likashuka polepole, likajitandika juu ya vyote. Hata mtoto aliyewahi kuchezea dimbwi asingeshangaa.

"Sasa njooni kwenye bomba. Hili hapa tabaka la dhoruba. Upande wa kifuniko chekundu, mnaosema ni juu, pana nini?"

Mzee mmoja wa Ufuoni alijikongoja, akainama. "Kokoto," alisema.

"Na upande wa cheusi?"

"Tope laini."

"Haya!" Mize aligeuka kwa jukwaa, na sauti yake sasa ilikuwa ya mama yake. "Nielezeni, waheshimiwa. Siku hiyo mawe yalielea na vumbi likazama? Bahari ilisimama kwa kichwa? Bomba hili liko kichwa chini! Liko kichwa chini miaka thelathini! Mamia ya aina ndiyo ya zamani. Bahari ilikuwa hai, hai mpaka jana, na Mwanakamati ndiye wa leo, amekuja juzi pamoja nanyi! Watu hawa walikula humo. Babu zao walikula humo. Hamkuihuisha, mmeiua, kisha mkaipindua maiti mkaiita mtoto mchanga!"

Kelele zikapanda kutoka sakafuni. Waliokuwa kwenye viti waliangalia viatu vyao. Khatoro alingoja, kama mtu anayengoja chai ipoe, kisha akainua kidole.

"Dada Mize, umenishawishi," alisema. "Kweli kabisa. Mawe hayaelei. Lakini sheria yetu unaijua kuliko mimi: tope halisemi bila shahidi. Kifuniko hakigeuzwi mpaka aliyekifunika asimame aseme, ni mimi. Na akisema, basi huyo ndiye aliyeipindua bahari, na aliyeipindua bahari hutolewa kwenye Daftari." Alikichukua kifuniko chekundu, akakisogeza karibu na macho, akakisogeza mbali. "Masikini, wino umefifia. Mimi macho yangu haya ya uzee sioni jina lolote. Wewe unaona jina hapa?"

Alimpa kifuniko. Jina lilikuwa halijafifia hata herufi moja. Mwanamize. Ule mkia wa e aliouvuta kwa haraka kwa sababu meli ilikuwa bado inayumba. Na Khatoro alikuwa akimtazama kwa upole mkubwa, na upole huo ndio uliomchoma kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa. Alikuwa anampa mlango. Sema huoni, dada, urudi mezani kwako, dirishani, kwenye mto, na hawa warudi nyuma ya ukuta wangoje thelathini nyingine. Alimtazama mama yake. Miaka themanini na minne ukiongeza thelathini, haihitaji hadubini.

"Naliona," Mize alisema.

"Una hakika?"

"Ni langu! Ni mimi niliyefunika. Nilikosea siku ya kwanza, siku ya pili nikajua, nikakwambia wewe Khatoro, ukasema imekaa vizuri, nami nikanyamaza. Andika hayo!"

"Mimi jina langu halipo kwenye kifuniko," alisema Khatoro. Akamgeukia karani. "Geuza bomba. Kisha fanya kazi yako."

Karani aligeuza bomba. Sakafu nzima ikasimama. Kisha akafungua Daftari, akachukua wembe, akaukwangua mstari mmoja taratibu, akapuliza unga wake. Papo hapo mwenziwe Mize wa meza ya pili, aliyekula naye pamoja miaka ishirini, akamtazama kama mtu anayetazama nguzo. Bawabu akauliza, huyu ameingia saa ngapi? Mize alijitazama mikono, tope lilikuwa bado lipo. Akalilamba kidogo ili ahakikishe. Lilikuwa na chumvi.

Wakaanza kuitwa watu wa Ufuoni mmoja mmoja kuandikwa upya, wa kwanza Bi Mwanatumu. Alisogea mezani na mfuko wake.

"Jina?" karani aliuliza.

"Mwanatumu binti Shekue."

"Mahali pa kuzikwa?"

"Ubavuni pa mume wangu. Na yeye muandike, msije mkamwita mchanga tena."

Karani akaandika vyote viwili. "Watoto?"

"Mmoja."

"Jina la mtoto?"

Bi Mwanatumu aligeuka. Mize alisimama palepale katikati ya ukumbi, watu wakimpita huku na huku bila kumwona, naye aliyaona macho ya mama yake yakimtafuta, yakipita, yakirudi.

"Mwanamize," Bi Mwanatumu alisema.

"Hapana mtu wa jina hilo, bibi. Niandike hakuna?"

"Andika hakuna uone!" Alichovya dole gumba ndani ya ile chupa, chini mpaka kwenye kokoto, akalitoa linadondosha tope, akaligandamiza kwenye nafasi ya mtoto kwa uzito wake wote. Karani akashika wembe. Akakwangua. Tope lilitanuka, likaingia katika nyuzi za karatasi, kila akikwangua linaenea. Akauweka wembe chini.

Bi Mwanatumu alikuja mpaka mbele ya binti yake.

"Ni wewe," alisema. "Ulijua. Baba yako amekuwa mchanga miaka yote hii, na wewe unajua. Chakula changu unakula na unajua."

"Ndiyo, mama."

"Sikusamehi leo. Usiniombe, nisije nikakutamkia maneno nikashindwa kuyarudisha."

"Siombi, mama."

Bi Mwanatumu akautwaa mfuko wa nailoni, wenye sanda na pamba na karafuu maiti, akamsukumia kifuani kwa nguvu hata Mize akarudi nyuma hatua.

"Shika. Mchimba kaburi hana pa kukuandika, kwa hiyo hana namna ya kukuzuia. Utanizika wewe, kwa mikono hiyo hiyo," alisema. "Na safari hii, Mize, usikosee upande."